Kadi inaitika hodi, mlango haufunguki

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkutubi wa chuo kimoja hapa Tanga. Tuna kadi za wanafunzi zipatazo 1,400, zilizotengenezwa na kampuni iliyotufungia mfumo wa geti miaka sita iliyopita. Kampuni hiyo sasa haipatikani hata kwa simu. Nataka maktaba itumie kadi hizo hizo. Nimenunua kisomaji cha USB Kariakoo na nimepakua programu ya simu. Kadi ya mwanafunzi inaonyesha namba na “sekta 16”, ila sekta kadhaa zimefungwa. Kadi mpya za watumishi, za kampuni nyingine, simu haizioni kabisa ingawa mlango unazitambua. Kadi yangu ya benki ndiyo iliyotoa maelezo mengi kuliko zote! Wauzaji wote waliapa kwamba kadi zao ni za kiwango cha kimataifa. Nani ananidanganya? Na nitayapataje majina ya wanafunzi yaliyomo ndani ya kadi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Hakuna muuzaji aliyekudanganya, na hapo ndipo penye kuudhi. Kila mmoja alisema kweli kuhusu kipande chake kidogo, akakuacha udhani amesema kuhusu kadi nzima. Kiwango cha kimataifa kinaeleza namna ya kubisha hodi na namna ya kuitikiwa. Nani amelala chumba kipi, sanduku liko uvunguni au darini, ufunguo anao nani, hayo kiwango kinawaachia wenye nyumba wakubaliane. Kwenye kadi zenu, mmoja wa waliokubaliana ameondoka na karatasi.

Nianze na kadi za watumishi, maana hizo ni rahisi. Simu yako inazungumza na kadi kwa mawimbi ya megahezi 13.56 tu. Kadi nyingi za milango za bei nafuu hutumia kilohezi 125, na kwa simu yako hicho ni kipande cha plastiki. Hakuna programu ya kupakua itakayoponya hilo, kwa sababu antena yenyewe ni nyingine. Ukitaka kuhakikisha bila kutumia hata shilingi, ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu, uilaze kadi juu yake. Ukiona duara la waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, kama bangili, karibu kila mara hiyo ni ya kilohezi 125. Ukiona mistari michache inayofuata kingo za kadi kwa umbo la mstatili, ni ya megahezi 13.56. Kadi yenye wino mzito itakugomea; tafuta iliyochakaa.

Chipu iliyozoeleka kwenye kadi hizo za kilohezi 125 ni ya aina ya EM4100. Ina biti 40 za namba na basi. Ikipata nguvu kutoka kwa kisomaji inaanza kuitangaza namba hiyo mfululizo, kama mpiga debe wa stendi, bila kuulizwa na mtu. Mlango wenu hausomi jina la mtumishi. Unasikia namba, unaitafuta kwenye orodha yake, unafungua. Shikilia hilo, tutalirudia.

Sasa twende kwenye kadi zenye chipu hasa, zile ambazo ndani yake mna kompyuta ndogo. Watu wengi hukwama kwa sababu wanaifikiria kadi kama flashi. Flashi ukiichomeka inakufungulia orodha ya mafaili yote. Kadi ya chipu haifanyi hivyo. Hiyo ni kompyuta iliyofungiwa ndani ya plastiki, yenye karani mmoja dirishani. Karani hakuonyeshi kabati. Anajibu swali uliloliuliza, kwa namna uliyoliuliza, na kama huna ruhusa anakwambia huna ruhusa. Katika viwango vyote hakuna amri moja inayosema “nionyeshe kila ulicho nacho” ambayo kila kadi inalazimika kuitii.

Kiwango mama ni ISO 7816, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitoka 1987. Kinaeleza sifa za kimaumbile za kadi, mahali pa vile vidoa 8 vya dhahabu na kazi ya kila kimoja, umeme unaoingia, na mtindo wa amri. Ukiipa kadi umeme inatoa salamu, mlolongo wa baiti chache tu, ambao kwa kawaida huanza na 3B au 3F (kila baiti huandikwa kwa alama mbili, kuanzia 0 hadi 9 na A hadi F). Salamu hiyo inaeleza kadi inataka kuzungumziwa kwa kasi gani na kwa itifaki ipi. Mafundi huitumia pia kubahatisha aina ya kadi, na yupo Mfaransa, Ludovic Rousseau, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitunza orodha kubwa ya salamu hizo ili sisi wengine tulinganishe. Ila ni kubahatisha. Ni kama kumtambua mtu kabila kwa lafudhi yake; hujajua amebeba nini mkobani.

Hata salamu yenyewe wakati mwingine ni ya kutungwa. Kadi ya kugusisha haina vidoa, kwa hiyo kisomaji chako cha USB, kama kinafuata utaratibu wa kompyuta uitwao PC/SC, kinaitungia kadi salamu ili programu za zamani zisichanganyikiwe. Iwapo umeona mstari unaoanza 3B 8F 80 01 80 4F 0C, huo haukutoka kwenye kadi ya mwanafunzi. Kisomaji ndicho kilichouandika.

Baada ya salamu ndipo maswali yanapoanza, nawe lazima ujue jina la unachokitafuta. Programu ndani ya kadi huitwa kwa jina la baiti 5 hadi 16. Usipolijua, kulibahatisha ni kupoteza umri wako. Majibu ya karani nayo yana lugha yake, na afadhali uijue, maana ndiyo pekee utakayoipata siku nyingi. 90 00 maana yake sawa, imekubali. 6A 82 ni “hicho unachokitaja hakipo”. 69 82 ni “kipo, lakini hujathibitisha wewe ni nani”. 6D 00 ni “amri hiyo siijui”. Wengi wakiona jibu lolote lisilo 90 00 wanasema kadi mbovu. Mimi nikiona 69 82 nafurahi, maana angalau nimegonga mlango wenyewe.

Hata ukikubaliwa, kuelewa ni kazi nyingine. Kwenye kadi ya laini ya simu lipo faili 2FE2 lenye namba ya kadi yenyewe, ile ndefu iliyochapwa mgongoni. Halihitaji namba ya siri, yeyote anaweza kulisoma. Mara ya kwanza nililisoma laini ya Tanzania nikapata 98 52, na mbele yake mengine. Mgongoni paliandikwa 89 25 5. Nikabadilisha kisomaji, nikabadilisha waya, nikatukana kimoyomoyo, saa mbili zikaenda. Kumbe kila baiti inaandikwa na tarakimu zake mbili zikiwa zimepinduliwa: 98 ni 89, 52 ni 25. Iko wazi kwenye vitabu vya kiwango kwa anayejua aangalie wapi. Sasa fikiria kadi ambayo kitabu chake hakijachapishwa popote.

Kadi yako ya benki ilisema mengi kwa sababu hii hii, kwa upande wa pili. ISO 7816 peke yake isingetosha kuifanya kadi iliyotolewa Dodoma ikubalike kwenye mashine ya duka la Muscat. Europay, Mastercard na Visa walikaa miaka ya 1990 wakaandika juu yake vitabu vingine vinene, EMV, vinavyotaja hadi jina la swali la kwanza. Mashine ikigusishwa kadi inauliza 2PAY.SYS.DDF01, na kadi inalazimika kurudisha orodha ya programu zake za malipo. Visa inaanza na A0 00 00 00 03, Mastercard A0 00 00 00 04. Namba ya kadi hubandikwa lebo 5A, tarehe ya kuisha 5F 24. Aliyetengeneza programu ya simu yako alisoma vitabu hivyo hivyo. Ndiyo maana ulidhani kadi inaongea sana, kumbe programu yako ndiyo iliyojua la kuuliza.

Usiogope kwamba namba imetoka. Ufunguo ambao kadi inautumia kusaini kila malipo hautoki kwa amri yoyote, na zile tarakimu tatu za mgongoni hazimo kwenye chipu.

Pasipoti za kielektroniki nazo ni hivyo. Yetu ilizinduliwa Januari 2018, na inafuata hati namba 9303 ya shirika la usafiri wa anga, ICAO. Hapo walifanya jambo ninalolipenda sana. Ufunguo wa kufungulia data za kawaida unatokana na maandishi yaliyochapwa ndani ya pasipoti yenyewe: namba yake, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuisha. Anayepita na kisomaji karibu na mfuko wako haambulii kitu. Ofisa uliyemkabidhi pasipoti ikiwa wazi anasoma picha yako, awe Namanga au Frankfurt. Alama za vidole ziko nyuma ya mlango mwingine mgumu zaidi.

Haya, kadi za wanafunzi. Sekta ni vyumba vya kumbukumbu ndani ya kadi, na sekta 16 ni alama ya kadi ya kugusisha iitwayo MIFARE Classic, ya kilobaiti moja, au moja ya nakala zake nyingi. Ilitoka miaka ya 1990, ni rahisi, na imesambaa duniani kote. Na uwe na shukrani kwamba simu yako imezifungua hata hizo sekta chache, kwa sababu hii si kadi ya kiwango kamili. Inafuata ISO 14443, kiwango cha kadi za kugusisha, kwenye mawimbi na salamu, kisha inaingia kwenye lugha ya kampuni iliyoibuni. Simu ambazo chipu yake ya NFC (ile inayozungumza na kadi) si ya NXP, kampuni inayoimiliki MIFARE, mara nyingi huishia kuona namba ya kadi tu. Nexus 4 ya 2012 ilikuwa mfano maarufu: kadi zile zile zilizosomeka kwenye simu iliyoitangulia zikagoma. Kwa hiyo usimwambie mkuu wa chuo kwamba “simu yoyote” itasoma.

Kila sekta ina vipande 4 vya baiti 16. Kipande cha mwisho cha kila sekta si cha data. Kinabeba ufunguo A, ufunguo B, na masharti ya nani afanye nini kwa ufunguo upi. Kila ufunguo una baiti 6. Kipande cha kwanza kabisa cha kadi kina namba yake ya kuzaliwa, iliyoandikwa kiwandani. Ukitoa hivyo vyote, nafasi ya kuandika inabaki baiti 752, ambazo hazitoshi hata insha ya darasa la nne. Sekta zilizofunguka kwako zilifunguka kwa sababu bado zina ufunguo wa kiwandani, FF mara sita, na programu nyingi za simu hujaribu huo kwanza. Kwa maneno mengine, sekta zilizokukaribisha ndizo zile ambazo kampuni haikuzigusa. Umeingia kwenye vyumba vitupu.

Zilizofungwa je? Ukweli ni kwamba kufuli yake ilishavunjwa zamani. Mwishoni mwa 2007 Karsten Nohl na Henryk Plötz walionyesha Berlin jinsi siri ya usimbaji wake, yaani hesabu inayoficha data, ilivyofichuliwa, na 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, wakaonyesha namna funguo zinavyopatikana. NXP ilikwenda mahakamani Uholanzi kuzuia chapisho lao. Julai 2008 mahakama ikakataa. Kwa hiyo fundi mwenye vifaa ataweza. Sitaandika hapa hatua zake, maana kadi hiyo hiyo inafungua mageti ya watu wengine pia. Chuo kikitaka, mkuu aandike idhini kwa barua, na kazi ifanywe mbele ya mtu wenu, kwa sababu taarifa zilizomo zinaangukia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Ila nisikilize kabla hujaomba bajeti. Sidhani kama inafaa. Chukulia umefungua na umekuta baiti 10 27 00 00. Ukizisoma kuanzia kushoto unapata namba kubwa isiyo na maana. Ukizisoma kuanzia kulia ni 10,000. Elfu kumi ya nini? Shilingi za kantini? Senti? Namba ya usajili? Siku zilizopita tangu tarehe ambayo mtu mmoja aliichagua akiwa ofisini kwake miaka sita iliyopita? Bila ramani ya aliyeandika, unabaki kulinganisha kadi kumi, ishirini, ukitafuta kinachobadilika. Nimewahi kuifanya kazi hiyo, na inaweza kula wiki nzima kwa jambo ambalo barua pepe moja ingelimaliza.

Na majina unayoyatafuta, kwa uzoefu wangu wa mifumo ya mageti, hayamo. Mfumo wa geti hauna sababu ya kubeba jina kwenye kadi. Unabeba namba, na majina yako kwenye kompyuta. Ni yale yale ya mpiga debe wa stendi.

Utauliza kwa nini basi kampuni ilifunga sekta na kuondoka na funguo. Kuna sababu njema, kwamba mtu asijiongezee salio. Na kuna ya biashara: mteja asiye na ufunguo hahami. Kenya walilionja hili kwa ukubwa wa nchi. 2014 serikali ilitaka nauli za matatu zilipwe kwa kadi, na tayari BebaPay ya Google na Equity ilikuwa barabarani tangu 2013, kisha zikaja nyingine. Kadi ya kampuni moja haikulipa kwenye gari lenye kisomaji cha kampuni nyingine. Abiria anayebadilisha magari mawili angehitaji kadi mbili zenye salio mbili. BebaPay ilifungwa 2015. Sitasema ni kadi peke yake iliyoiua. Makanga na wenye magari walikuwa na sababu zao za kupenda noti. Lakini vifaa vya kuzifanya kadi hizo zielewane vilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wa kukaa meza moja na kugawana funguo na mapato.

Kwa maktaba yako, tumia ile namba ya kuzaliwa ya kadi. Haihitaji ufunguo, na karibu kila kisomaji cha megahezi 13.56 kitaiona. Iunganishe na jina la mwanafunzi kwenye mfumo wako, mara moja, anapokuja kuazima kitabu cha kwanza. Ila jihadhari na mtego mmoja, ambao nadhani utakutana nao siku ya kwanza. Visomaji vingi vya bei nafuu hujifanya kibodi na kuandika tarakimu 10. Kadi yenye baiti A1 B2 C3 D4 kimoja kitaiandika 2712847316, kingine 3569595041, na simu itaonyesha herufi zile za awali. Kadi ni moja. Tofauti ni kisomaji kimeanzia upande gani. Amua mwandiko mmoja, uandike kwenye daftari la ofisi, na ukinunua kisomaji cha pili kijaribu kwa kadi tano kabla ya kulipa.

Namba hiyo isitumike kwa pesa. Zipo kadi za bei ndogo ambazo namba yake ya kuzaliwa inaandikika upya, kwa hiyo mtu anaweza kutengeneza pacha wa kadi ya mwenzake. Kwa kuazima kitabu, mkutubi akiangalia picha iliyochapwa juu ya kadi, inatosha. Kwa kantini haitoshi. Na namba za baiti 4 zilishagawiwa kiasi kwamba watengenezaji hawaahidi tena kuwa hakuna mbili zinazofanana duniani; kwenye kadi 1,400 hutaona tatizo, lakini weka programu ikatae kusajili namba ileile mara mbili.

Siku chuo kikinunua kadi mpya, mkataba useme kwa maneno mepesi kwamba funguo ni mali ya chuo na zitakabidhiwa kwenye bahasha iliyofungwa, pamoja na ukurasa unaoeleza kila baiti iko wapi na inasomwaje. Mzabuni akikwambia hiyo ni siri ya kampuni, mwulize mwingine. Omba MIFARE DESFire, aina nyingine ya MIFARE, yenye usimbaji imara uitwao AES, au inayolingana nayo, na kila kadi iwe na ufunguo wake, ili mmoja ukivuja zisivuje zote. Na namba ya mwanafunzi ichapwe kwa wino juu ya kadi. Umeme ukikatika utanishukuru.

Kabla ya hayo yote, nenda getini. Ile kompyuta ya mlinzi iliyofungwa na kampuni, kama bado inawaka, ina hifadhidata yenye majina na namba za kadi, na inawezekana sana funguo zimeandikwa kwenye faili la mipangilio, maana mafundi wengi hatupendi kuzikariri. Usiiguse kwanza. Mwambie mtu wa TEHAMA anakili diski nzima, kisha muyatafute majina na funguo kwenye nakala. Niandikie mlichokikuta, na utaje namba inayoonekana kwenye simu kwa kadi moja na namba ambayo geti limeirekodi kwa kadi hiyo hiyo, nikuambie zimepinduliwa au la.